Wi-Fi imejaa lakini intaneti haifunguke: ninunue ruta mpya, repeteri ao Starlink?

"Jambo fundi. Niko Lubumbashi, kule Bel-Air. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vine, na nyuma ya lupango kuko aneksi mwenye binti yangu analala na kusomea, iko na mlango wa chuma. Tunatumia boksi ya 4G yenye SIM ndani, iko ku salo nyuma ya televizyo. Asubuhi intaneti inaenda muzuri, lakini kuanzia saa moja ya magaribi mpaka saa ine ni mateso tu: bwana yangu anatumika Kolwezi, tukipigiana video sura inaganda na sauti inakatika. Mu aneksi ata asubuhi haiendi, ingawa telefone inaonyesha mistari miwili ao mitatu ya Wi-Fi. Na kila umeme ukikatika ukirudia, boksi inachelewa, siku zingine haipate rezo mpaka niizime na kuiwasha tena. Mwenye butiki moja anataka kuniuzia ruta ya antena sita ku dola 150, anasema itamaliza yote. Jirani anasema repeteri ya dola 20 inatosha. Shemeji ye anasema tuachane na byote tuchukue Starlink, ile intaneti ya satelaiti. Sina makuta ya kutupa. Nianzie wapi?"

Jambo yenu mama. Asante juu umeandika kila kitu kwa urefu, manake watu wengi wananiandikia tu "intaneti yangu mbaya, ninunue nini?" na hapo siwezi kusaidia mtu. Wewe umenipa saa, umenipa mahali boksi iko, umenipa mpaka mlango wa chuma, na ule mlango tutaurudilia.

Kwanza, ile dola 150 usiitoe. Hauna tatizo moja, uko na matatizo matatu na kila moja iko na chanzo chake: ya usiku inatoka nje ya nyumba, ya aneksi iko ndani ya lupango, ya tatu ni umeme. Ile ruta ya antena sita inagusa moja tu kati ya hizo tatu, tena inaigusa nusu. Na umuulize yule wa butiki kitu kimoja: iko na nafasi ya kuweka SIM? Mingi ya zile ruta za antena nyingi haina, kwa hiyo ungeipachika ku boksi yako ile ile ya zamani na intaneti ya saa mbili usiku ingebaki vile vile, umeongeza tu taa za kuwakawaka ku meza.

Kinachochanganya watu ni mistari ya Wi-Fi. Ile mistari inakuambia telefone inasikia boksi vipi, basi. Haikuambii kama boksi yenyewe inasikia mnara wa kampuni ya telefone, wala kama mnara uko na nafasi ya kukuhudumia. Ni kama robinet ya jikoni inaweza kuwa mpya na inafunguka muzuri, lakini kama bomba la barabarani halina maji utaizungusha mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo mbele ya kununua kitu chochote lazima ujue inakufia wapi, ku bomba la nje ao ku robinet ya ndani, na kujua hiyo haikulipishi hata falanga moja.

Fanya hivi. Saa mbili usiku, wakati ule unaokutesa, simama karibu na boksi, hatua mbili hivi, zima data ya telefone yako ili isikudanganye kwa kutumia SIM yake, kisha fungua Speedtest ao fast.com, zinazopima mwendo wa intaneti (ku fast.com bonyeza pale pa maelezo zaidi), na uandike ku karatasi namba tatu: ya kushusha, ya kupandisha, na ile ya mili-sekunde. Nenda mu aneksi fanya vile vile, mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi rudilia yote. Kama pembeni ya boksi usiku ni mbaya na asubuhi ni muzuri, tatizo liko nje. Kama pembeni ya boksi ni muzuri na mu aneksi imekufa, tatizo liko ndani. Kwa vile umeeleza naona utakuta zote mbili, lakini pima, usiniamini tu mimi.

Zile namba zinatisha watu bure. Wanaouza intaneti wanahesabu kwa megabiti, telefone ikishusha faili mara nyingi inaonyesha megaokteti, na okteti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 8 kwa sekunde ni megaokteti 1 tu kwa sekunde, hakuna aliyekuibia. Na kupigiana video ku telefone haiombi makubwa, megabiti 1 ao 2 za kwenda na kiasi hicho za kurudi zinatosha, mradi zifike bila kukatika. Njo maana mtu anaweza kuona megabiti 5 ku kipimo na bado sura ya bwana yake inaganda. Hapo angalia ile namba ya tatu, mili-sekunde, inayoonyesha data inachelewa kiasi gani njiani. Ikiwa 40 ao 60 uko sawa. Ikipanda 300, 500, sauti itakatika hata kama mwendo unaonekana mkubwa.

Na hapa niko na kitu ambacho hakuna butiki itakuambia, juu hakiuziwi. Saa moja ya magaribi wote wanarudi nyumbani, telefone zote zinashika Wi-Fi, na kila moja inaanza kazi zake kimya kimya: Google Photos inatuma picha za siku nzima, WhatsApp inahifadhi mazungumzo, Play Store inashusha maapdeti, ordinateri ya binti inajipandisha Windows. Boksi ya 4G iko na njia nyembamba sana ya kutuma kuliko ya kupokea. Picha mia moja za harusi zikianza kupanda, zinajaza foleni ndani ya boksi, na sauti yako wewe, ambayo ni kadata kadogo sana, inakwenda kusimama nyuma ya zile picha zote. Mu Kolwezi bwana yako anasikia "ha… lo… unani…" na anafikiri ni rezo ya kwake. Ingia ku kila telefone ya nyumba, chagua hifadhi ijifanye usiku wa manane ao siku ya yenga, zima kujipandisha kwa programu, kwa wiki moja tu, uone. Kuko maboksi yenye chaguo la kutanguliza sauti na video mbele ya vingine, likiwepo liwashe. Nimeona nyumba nyingi zenye shida ya usiku zikipona nusu kwa hii tu, na zingine zikapona kabisa.

Nusu ile ingine iko kweli ku mnara. Mnara mmoja unagawanya uwezo wake kwa watu wote wanaoushika, na usiku avenue nzima iko ku video. Hakuna kitu unaweza kuweka mu salo yako kitakachoongeza uwezo wa mnara, atakayekuambia kinyume anakuuzia. Unachoweza ni kufanya boksi yako isikie mnara vizuri zaidi, juu anayesikia vizuri anapata sehemu nzuri zaidi ya kile kinachogawanywa. Na nyuma ya televizyo mama, ni mahali pabaya kuliko pote. Televizyo iko na bati kubwa mgongoni, inatoa joto, na mara nyingi iko ku ukuta wa ndani.

Geuza boksi uangalie ile etikete ya chini, utaona anwani kama 192.168.1.1 ao 192.168.8.1 pamoja na neno la siri. Iandike ku kivinjari ukiwa ku Wi-Fi, ingia, tafuta ukurasa wa hali ya rezo. Kuko namba inaitwa RSRP, inapima boksi inasikia mnara kwa nguvu gani, iko na alama ya kutoa mbele yake: -80 ni nzuri sana, -100 inajikaza, -110 na kwenda chini boksi inasikia kwa shida. Pembeni kuko SINR, hiyo inapima kelele: 15 ao 20 ni raha, 0 ao chini ya hapo boksi inasikia mnara lakini katikati ya makelele. Sasa beba boksi na ralonje yake, zunguka nyumba. Dirisha la barabarani, dirisha la jikoni, juu ya kabati, kila mahali uiache dakika mbili mbele ya kuandika. Usistaajabu mita moja ikabadilisha namba kwa 8 ao 10, manake mawimbi yanagonga malata na kuta na kurudi, mahali pengine yanasaidiana, pengine yanauana. Dirisha lenye wavu wa mbu wa chuma uliruke, ule wavu unazuia kweli.

Ukiwa pale pale, azima SIM ya rezo ingine kwa jirani, kama boksi haikufungwa ku kampuni moja. Vodacom, Airtel, Orange, kila mmoja ana minara yake, na yule anayeshinda mu mji si lazima ashinde ku avenue yenu. Hiki njo kipimo chenye faida kuliko vyote na watu wanakisahau. Angalia pia maandishi ya forfe yako, juu kuko forfe zinazopunguza mwendo ukipita kiasi fulani, na mtu analaumu boksi wakati ni masharti.

Kama mahali popote RSRP haipande juu ya -105, hapo antena ya nje inaanza kuwa na maana, ikiwa boksi iko na vitundu vya kuichomeka. Iwe ya nyaya mbili, juu 4G inatumia njia mbili kwa pamoja, na kable iwe fupi, mita tano hivi, manake kable ndefu nyembamba inakula yote antena iliyoongeza. Ukikuta -85 usinunue antena, haitakusaidia sana.

Siku zingine hata hiyo yote si kosa la mtu yeyote karibu yako. Mwezi wa 8 mwaka 2023 kable mbili za baharini zinazoleta intaneti, WACS na SAT-3, zilikatika karibu na mdomo wa mto Kongo juu ya udongo kuporomoka chini ya bahari, na mwezi wa 3 mwaka 2024 kable kadhaa zikakatika kule Côte d'Ivoire, nchi nyingi za Afrika zikateseka. Kama jirani wa rezo zote wanalia siku moja, acha boksi yako kwa amani, usianze kuifungua.

Tuje ku aneksi. Tofali la kuchoma linakula Wi-Fi, kuta mbili tatu zake zinaikula mingi, halafu kuko ule mlango wa chuma. Binti akiufunga usiku ili asome, amefunga pia na Wi-Fi. Njo maana nikakuambia upime mara mbili. Kama mlango ukiwa wazi inapita na ukifungwa inakufa, umeshapata mwizi wako, na kusogeza meza yake karibu na dirisha kunaweza kusaidia kabla ya kununua chochote.

Antena sita hazitavunja ule ukuta. Wi-Fi ni mazungumzo ya watu wawili. Ruta inaweza kupaza sauti, tena hata yenyewe iko na kiwango haipaswi kupita, lakini telefone ya binti ina batri ndogo na antena ndogo, sauti yake hairudi. Matokeo yake ni ile ile unayoiona: mistari mitatu imejaa, ukurasa haufunguke. Antena nyingi zinasaidia watu wengi wawe pamoja karibu na ruta, si kwenda mbali.

Jaribu kwanza la bure: boksi nyingi ziko na Wi-Fi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 inakimbia lakini inachoka ku ukuta, ya 2.4 inaenda polepole lakini inapita zaidi. Zipe majina mawili tofauti, ya aneksi iwe 2.4, ya salo iwe 5. Na ku 2.4 chagua kanali 1, 6 ao 11, ile yenye majirani wachache, hizo tatu njo hazigongani.

Repeteri, kale kadude ka kuchomeka ku prizi ili karudilie Wi-Fi, jirani yako hajadanganya, ila watu wanakaweka vibaya. Wanakaweka mu aneksi, pale Wi-Fi imeshakufa, na kenyewe kanarudilia kile kilichokufa. Kanapaswa kuwa katikati, tuseme ku chumba cha nyuma cha nyumba kubwa, pale bado kanasikia boksi vizuri. Ujue tu kwamba repeteri ya bei ndogo inapokea na kurudilia ku wimbi lile lile, kwa hiyo mwendo wa Wi-Fi unakatika karibu nusu. Kama Wi-Fi inafika pale ku repeteri na megabiti 20, binti atapata 8 ao 10, kwa kusoma inatosha sana. Kama inafika pale na 3, nusu ya 3 ni kilio.

Mimi kwa lupango kama lenu napenda kable, na sioni haya kusema napenda sana. Kable ya Cat 5e inabeba gigabiti moja mpaka mita 100, haijali tofali wala mlango wa chuma. Unaitoa ku boksi mpaka aneksi, kule unaweka ruta yoyote ndogo hata ya zamani iliyoko ku drowa, unaizima kazi ya kugawa anwani, ile inaitwa DHCP, unachomeka kable ku kitundu cha LAN si cha WAN, na binti ana Wi-Fi yake pembeni ya kitanda. Ku butiki usiangalie tu maandishi ya boksi la kable. Omba kipande, kwangua kawaya kamoja na wembe: kakiwa chekundu mpaka ndani ni shaba, kakiwa cheupe ndani ni aluminiyo iliyopakwa shaba juu, hiyo inavunjika haraka na mbali inasumbua. Ile inayopita nje iwe ya ganda jeusi la kuvumilia jua, ndani ya tiyo la plastiki, mbali na waya za umeme.

Ila kuko hatari moja na siwezi kuinyamazia. Kwetu huku mvua ikianza mwezi wa 11, radi si mchezo, na kable ya shaba kati ya nyumba mbili inaokota nguvu ya radi hata ikipiga mbali kidogo, inachoma boksi upande huu na ruta upande ule. Ukiona mawingu ya mvua yanakuja, mbele radi ianze kunguruma, chomoa pande zote mbili, kable na umeme, usichomoe kable tu ukaacha prizi. Mwenye uwezo anaweza kuweka kable ya faiba na vigeuzi viwili ku ncha, kioo hakipitishi umeme, hiyo inamaliza wasiwasi.

Umeme sasa, na hapa njo ningeanza kutoa makuta. Boksi yako inakula kidogo sana, wati 10 hivi. Kuko batri ndogo za ruta, mini-onduleri, unaziweka kati ya prizi na boksi, umeme ukikatika boksi haijui kama umekatika, inaendelea saa mbili tatu ao zaidi kulingana na ukubwa. Soma etikete ya adapta: volti lazima zilingane kabisa, 12 kwa 12, 9 kwa 9, na amperi za batri ziwe sawa ao zaidi, kamwe zisipungue. Ile shida ya boksi kurudia na kukosa rezo nayo itapungua, manake umeme wetu ukirudi unarudi kwa kurukaruka, boksi inaanza, inakatwa katikati, inaanza tena, mwisho inaganda. Kama muko na pano za solari na batri ya volti 12, usichomeke boksi moja kwa moja ku batri, ikichajiwa inafika volti 14 na zaidi, weka kadude ka kuituliza ku 12 kamili.

Starlink shemeji hakosei kuitaja. ARPTC, wale wanaosimamia telefone na intaneti mu Kongo, iliipa leseni mwaka 2025, na satelaiti zake ziko chini, kilomita 550 hivi, si kama zile VSAT, intaneti za satelaiti za zamani, zenye kilomita karibu 36,000 ambako sauti kwenda na kurudi ilikuwa inachelewa zaidi ya nusu sekunde. Kwa nyumba yenye minara iliyojaa inaweza kuwa jibu zuri sana. Lakini sahani inataka anga wazi, mti mmoja wa mwembe ao wa avokado unaikata mara kwa mara, inakula umeme mara kadhaa ya boksi kwa hiyo ile mini-onduleri haitoshi tena, kuko bei ya vifaa mwanzoni na ya kila mwezi, na mu aneksi nyuma ya mlango wa chuma Wi-Fi yake itakufa vile vile. Ningeifikiria kama namba za usiku zinabaki mbaya hata baada ya kuhamisha boksi, kuzima hifadhi na kujaribu SIM ingine. Na kama faiba imeshapita ku avenue yenu, uliza bei yake kwanza kabla ya Starlink.

Kuko kazi usifanye mwenyewe wala usimtume kijana wa jirani. Kupanda ku malata kuweka antena, kuchimba ao kupitisha kitu karibu na waya za umeme, na prizi inayotoa harufu ya kuungua ao inayopiga cheche, hapo ita fundi wa umeme leo leo, intaneti itangoje. Kama boksi inaonyesha haina SIM kabisa hata ukiichomoa na kuirudisha, peleka SIM ku ajansi ya kampuni, si ku fundi. Na fundi wa rezo akija, anayeanza kupima pembeni ya boksi na mu aneksi mbele ya kutaja bei, huyo mpe kiti. Anayetaja kwanza ruta anayoiuza, mshukuru umuage. Neno la siri la boksi atalihitaji, ulibadilishe akienda, lakini PIN ya M-Pesa ao Airtel Money haina kazi yoyote ku boksi, asikuombe.

Wiki hii basi: toa boksi nyuma ya televizyo, pima, zima hifadhi za telefone. Ukiwa na makuta, mini-onduleri njo ya kwanza, halafu kable ya aneksi, ao repeteri ya jirani ikiwekwa katikati kama kable bado ni nzito kwako. Uniandikie namba za usiku na za asubuhi, pamoja na RSRP na SINR ya kila dirisha, nitakuambia kama antena ya nje ina maana kwenu ao hapana.